Tandiko halimkai poni wetu, bosi anasema ni kiburi

Shikamoo mshauri,

Mimi ni saisi, mtunza farasi, kwenye shamba moja huku Mufindi. Bosi wetu ana farasi wachache ambao wageni huwapanda kuzunguka njia za chai na misitu ya paina. Mwaka jana alinunua poni jike wa miaka 4, tukamwita Ulezi kwa rangi yake. Farasi wengine niliwakuta wameshafundishwa, lakini huyu nilikabidhiwa mimi tangu mwanzo, na kwa kweli nampenda.

Ulezi ana kimo cha sentimita 132 ukipima mabegani. Mgongo wake ni mfupi na bapa, tumbo limejaa, na pale mabegani ambapo farasi wengine wana mwinuko, yeye hana kitu. Ukimtazama kwa nyuma unaona duara tu. Asubuhi tunampa pumba za mahindi, kutwa yuko malishoni.

Kwenye kamba ndefu anafanya vizuri mno. Anatembea, anakimbia mbio ndogo, anasimama nikimwambia asimame. Shida ilianza tulipomwekea tandiko. Bosi alitoa tandiko la farasi wetu mmoja mrefu, mwembamba, ambaye siku hizi hapandwi. Tukishuka mteremko linasogea mbele mpaka linampanda mabegani. Tukigeuka linalala upande. Mwenzangu, kijana mwenye mwili mdogo, ndiye anayempanda, na ameshaanguka nalo. Tukakaza mkanda wa tumbo, likateleza vilevile. Tukaongeza blanketi mbili chini yake, likazidi.

Sasa Ulezi akiona tu nimeshika mkanda analaza masikio nyuma na kugeuza kichwa aniume. Akipandwa anagoma kwenda. Juzi tulipomvua tandiko mgongo mzima ulikuwa umelowa jasho, isipokuwa sehemu mbili nyuma ya mabega, moja kila upande, kama upana wa kiganja. Hapo palikuwa pakavu kabisa.

Bosi anasema ni kiburi, poni wote ndivyo walivyo, nimchape na nikaze mkanda zaidi. Anataka Juni awe tayari kwa wageni. Jirani ananiambia nichane godoro nijaze chini ya tandiko. Fundi viatu wa Mafinga anasema anaweza kulipanua. Mwingine anasema tununue yale matandiko yasiyo na fremu ndani. Nimempima kwa futi kamba kama ulivyowahi kutufundisha kwa ng'ombe: mzunguko wa kifua sentimita 155, urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako sentimita 138.

Nifanye nini, na bosi nimwambieje?

Saisi, Mufindi

*

Marahaba kijana wangu, na kamwene.

Ulezi hana kiburi. Ana maumivu, na amekueleza kwa kila njia aliyo nayo: kwa masikio, kwa meno, kwa kugoma. Mnyama aliyekuwa anakusikiliza vizuri kwenye kamba, halafu akabadilika siku alipovikwa tandiko, hajabadilika tabia. Nakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: tandiko hilo lisimguse tena, kuanzia leo.

Zile sehemu mbili kavu ndizo zilizonishtua. Tandiko linapobana mno mahali pamoja, ngozi ya hapo hugandamizwa kiasi kwamba jasho halitoki. Huo ni mwanzo. Ukiendelea, panavimba, nywele zinanyonyoka, na zikiota tena zinaota nyeupe. Wale farasi na punda unaowaona na madoa meupe mgongoni, wengi hawakuzaliwa nayo. Ni kweli kwamba pakavu pengine huwa ni pale ambapo tandiko halikugusa kabisa, kwa hiyo usiamini macho peke yake. Simama pembeni mwake, weka vidole vinne bapa kwenye msuli ulio kando ya uti wa mgongo, kisha bonyeza taratibu ukianzia nyuma ya bega kurudi kiunoni, upande mmoja halafu wa pili. Akishusha mgongo, akitetemesha ngozi, akilaza masikio au akikazana kama ubao, umepapata. Kwa jinsi ulivyoeleza zilipo, nyuma tu ya mabega na kila upande, natarajia utapakuta palepale. Ndipo ncha mbili za fremu ya tandiko zinapokaa.

Ngozi ikiwa imevimba tu, mwagie maji baridi na umpumzishe. Ikiwa imechubuka, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Oili chafu ya gari usimpake, hata kama kila mtu kijijini anafanya hivyo kwa punda wake. Na kabla ya lolote lingine, muombe daktari wa mifugo amtazame mgongo na meno pia, kwa sababu jino linalouma kwenye lijamu humfanya farasi agome vilevile.

Tuje kwenye kuteleza. Ndani ya tandiko kuna fremu, ya mbao au plastiki ngumu yenye chuma, na mbele fremu hiyo ina umbo la V iliyopinduliwa. Ya yule farasi mwembamba ni V ya kubana. Mgongo wa Ulezi ni mpana na mviringo, kwa hiyo V hiyo haishuki kukaa juu yake, inaning'inia juu ikimshika kwa ncha mbili. Kitu kilichokaa juu namna hiyo lazima kilale upande mkigeuka. Ndiyo maana blanketi zenu zilizidisha shida. Gambuti ikikubana huongezi soksi ya pili. Na mkanda mkikaza, mnazidi kuzikandamiza zile ncha mwilini. Watu wengi huamini tandiko linaloteleza limelegea, na kwa poni wa umbo hili mara nyingi ni kinyume: ni jembamba mno.

Kusogea mbele kuna sababu yake nyingine. Mkanda wa tumbo hutafuta mahali pembamba pa kifua, na kwa mnyama mwenye tumbo kubwa mahali hapo ni mbele sana, karibu na kiwiko. Mkanda ukishakwenda huko unalivuta tandiko, na kwenye miteremko yenu ya Mufindi ndiyo linafika shingoni. Inua ubawa wa tandiko utaona ngozi ndefu zenye matundu ambazo mkanda hufungwa. Kwa Ulezi tafuta tandiko ambalo moja ya ngozi hizo inaanzia mbele kabisa, kwenye ncha ya fremu, ili mkanda ukae kwenye nafasi yake bila kuvuta. Ipo pia mikanda iliyopindwa kwenye viwiko, inasaidia sana. Upo pia ukanda wa kuzungusha chini ya mkia unaozuia tandiko lisiende mbele. Kwa nchi ya milima una kazi yake, lakini umzoeze nao taratibu akiwa hana mtu mgongoni, na uwekwe kwenye tandiko ambalo tayari linamkaa. Ukiufunga kwenye lile la sasa, utakuwa unamlazimisha tu abaki na kinachomuumiza.

Sasa kazi ambayo unaweza kuianza kesho asubuhi bila hela. Chukua waya mnene wa umeme wenye plastiki, ule unaopinda na kubaki ulivyoupinda, wa kama sentimita 60. Msimamishe Ulezi pale sakafu ilipo sawa, miguu yote minne imenyooka, kichwa kikiwa kawaida, asile kitu. Papasa bega lake mpaka upate ukingo wa nyuma wa mfupa bapa wa bega; mtu amwinue mguu wa mbele kidogo na utausikia mfupa ukicheza chini ya kiganja. Vidole viwili nyuma ya hapo, lalisha waya juu ya mgongo kutoka upande hadi upande, uukandamize ufuate mwili kabisa. Unyanyue bila kuupinda, uulaze kwenye kadibodi, uchore mstari wa ndani kwa kalamu, ukate. Rudia katikati ya mgongo, na mara ya tatu kwenye ubavu wa mwisho. Farasi huwa na jozi 18 za mbavu, nawe tafuta ule wa nyuma kabisa pale ubavuni, uufuate kwa vidole mpaka juu. Hapo ndipo mwisho wa tandiko. Likipita hapo linakaa kiunoni, mahali pasipo na mbavu za kubeba, na kwa poni mwenye mgongo mfupi kosa hili ni la kila siku. Pima pia kwa futi kamba kutoka nyuma ya bega hadi hapo, uandike.

Kadibodi hizo tatu ndizo zitakazokununulia tandiko. Matandiko hupigwa alama za upana, W kwa pana, XW kwa pana zaidi, lakini W ya kiwanda kimoja si W ya kingine, usinunue kwa herufi. Huku Nyanda za Juu Kusini matandiko ni ya kubahatisha. Arusha na Nairobi kuna watu wengi zaidi wa farasi, na matandiko yaliyotumika huuzwa. Piga picha za kadibodi zikiwa na rula pembeni, mtumie muuzaji, mwambie aiweke ile ya kwanza chini ya fremu akupigie picha. Mwenye kuelewa biashara yake hatakataa.

Likifika, lijaribu bila nguo yoyote chini. Kwanza fremu: kalia kiti, weka sehemu ya mbele ya tandiko kati ya magoti, ubane. Ikilia au ikicheza, imevunjika, rudisha. Kisha liweke mgongoni mbele kidogo ya mahali pake, ulivute kurudi nyuma mpaka likwame lenyewe nyuma ya bega. Usilirudishe mbele tena kwa sababu unapenda kuliona huko. Chungulia kutoka nyuma: katikati ya mito miwili ya chini pawe na mfereji unaopitisha mwanga mpaka mbele, wenye upana wa vidole vitatu au zaidi, usioziba popote juu ya uti wa mgongo. Pitisha kiganja chini ya ukingo wa mbele, juu kwenda chini. Mkono upite kwa mguso uleule njia nzima. Halafu ukipitishe chini ya mto katikati ya mgongo, kwa sababu yapo matandiko yanayogusa mbele na nyuma tu na kuacha uwazi kati. Likiwa linabembea mbele na nyuma ukilisukuma, limepinda kuliko mgongo. Kiti kiwe sawa, pa chini kabisa pawe katikati.

Yote hayo yarudie mtu akiwa juu, maana uzito hubadilisha kila kitu. Mara ya kwanza mtembee tu, robo saa, tambarare, kisha vua utazame jasho. Unataka lilowe sawasawa pande zote mbili, na mstari wa katikati ubaki mkavu.

Kuhusu wale washauri wako watatu. Jirani na godoro lake, hapana. Vipande vya sponji hujikunja vikawa mabonge, na bonge ni jiwe mgongoni. Fundi viatu wa Mafinga ni mtu wa kumtunza: anaweza kukushonea ngozi za mkanda, kubadilisha vifungo, hata kujaza upya mito kwa sufu ya kondoo ukimsimamia ajaze sawa pande zote. Kupanua fremu hawezi. Yapo matandiko ambayo chuma cha mbele kimefungwa kwa skrubu na hubadilishwa kwa kipana, na kama ukipata la aina hiyo lichukue mbele ya yote, kwa sababu Ulezi bado anakua. Lakini fremu ya kawaida ukiilazimisha kufunguka imepasuka. Haya yasiyo na fremu yana watu wake, wanayapenda. Kwa mgongo bapa wa mviringo hulala upande kwa urahisi, na uzito wa mpandaji anaposimama kwenye vikuku vya kukanyagia unaangukia mahali padogo. Mimi kwa Ulezi nisingeanzia huko.

Nimepiga hesabu ya uzito wake kwa vipimo vyako. Mzunguko wa kifua zidisha kwa mzunguko wa kifua, zidisha kwa urefu wa mwili, gawanya kwa 11,877: 155 mara 155 mara 138, nikapata kama kilo 279. Ni makadirio, ila yanatosha. Kanuni inayofuatwa na wapandaji wengi ni kwamba mtu na tandiko kwa pamoja wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, na mnyama anayejifunza apewe pungufu ya hapo. Asilimia 20 ya Ulezi ni kilo 56. Tandiko likiwa na kilo 8, mpandaji asizidi 48. Kwa hiyo, bosi atake asitake, huyu si poni wa kubebea wageni watu wazima. Ni poni wa watoto. Mpime na yule mwenzako kwenye mizani ya zahanati, nalo tandiko litundike kwenye mizani ya kupimia majani ya chai, ujue mnaongea kuhusu kilo ngapi.

Kuna na umri. Mifupa ya uti wa mgongo ni ya mwisho kukomaa kwa farasi, huchukua hadi miaka 5 au 6. Ulezi ana 4. Kumpanda kidogo kwa mpandaji mwepesi si dhambi, lakini kusubiri hakumpotezei chochote, na wewe tayari una kamba. Mtembeze kwa mkono kwenye miinuko, panda shuka. Laza magogo membamba ya paina chini, umpitishe juu yake polepole anyanyue mgongo na kushusha kichwa. Mwongoze kwa hatamu mbili ndefu ukiwa nyuma yake, ajifunze kugeuka na kusimama bila mtu juu. Miezi michache ya kazi hii itamwotesha msuli kando ya uti wa mgongo, na msuli huo ndio utakaolishikilia tandiko pale ambapo mwinuko wa mabega haupo. Pumba mpunguzie. Na majani ya masika yakimtosha, mwachishe kabisa. Sehemu ya ule mviringo ni mafuta.

Mgongo ukishapona, mrudishie mkanda kama kitu kipya kabisa. Leo mguse nao tu. Kesho uufunge ukilegea, mtembee, ukaze tundu moja, mtembee tena. Ataendelea kulaza masikio kwa muda hata kama hakuna kinachouma, kwa sababu amekumbuka. Usimchape kwa hilo, hata mara moja.

Sasa bosi. Usimwendee na maneno ya huruma peke yake, ingawa najua ndiyo yaliyokujaa moyoni. Mwite zizini asubuhi, weka kadibodi ya kwanza chini ya lile tandiko mbele ya macho yake, aone pengo mwenyewe. Mbonyezee mgongo wa Ulezi taratibu, aone anavyoshtuka. Kisha mpe hesabu: poni mwenye kidonda hapandwi mpaka ngozi ifunge na nywele ziote, na hiyo Juni yake itapita akiwa malishoni. Mgeni akianguka mteremkoni kwa sababu ya tandiko kulala, hilo nalo ni hasara ya nani? Ikibidi, mkumbushe kwa heshima kwamba nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumfanyisha kazi mnyama mwenye maumivu si jambo la hiari ya mwenye shamba. Lakini naamini hamtafika huko. Mtu aliyetoa fedha kununua poni huelewa haraka akionyeshwa kwamba fedha hiyo inaharibika.

Mpe pia kitu cha kukubali. Mwambie Juni Ulezi atakuwa anaongozwa kwa mkono akiwa na mtoto mwepesi mgongoni, kwa muda mfupi, njia ya tambarare, endapo tandiko litapatikana na mgongo utakuwa mzima. Hiyo ni ahadi unayoweza kuitimiza, na wageni wenye watoto wataifurahia.

Kila kadibodi iandike tarehe. Kwenu mvua zikiisha Mei poni anakuwa amenona, na ifikapo Septemba au Oktoba majani yamekauka naye amepungua, juu ya hapo anakua na anaota misuli. Tandiko linalomkaa mwezi wa tano huenda lisimkae mwezi wa kumi. Pima upya kila majira yanapobadilika mpaka afikishe miaka 6, na usimwambie bosi kwamba tandiko mtakalonunua sasa ni la kudumu. Mwambie mapema atenge hela ya kujaza mito upya mwakani.